Neno Moja Ndani ya Kopo

"Irudishe mwanzo," Inspekta alisema.

"Hii mara ya nne, afande," mwalimu wa filamu akasema, lakini akabonyeza.

Ukutani, juu ya shuka jeupe lililopigiliwa misumari minne, msichana akaanza tena kuosha sahani yake. Sahani moja, kijiko kimoja. Akavifuta. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Akavuta kiti cha mbao, akakiegemeza mlangoni, mgongo wa kiti chini ya kishikio. Akakaa kitandani, akautazama mlango. Mwanga wa dirishani ukageuka, mweupe ukawa wa njano, wa njano ukawa kijivu. Akainuka, akakijaribu kiti kwa mkono, mara moja, mara mbili. Akarudi. Akalala juu ya blanketi na viatu miguuni. Kisha giza.

Dakika tatu na sekunde kumi na moja. Hakuna neno, hakuna muziki, hata mlio wa kijiko hakuna.

Msichana huyo alipotea Ijumaa usiku, siku ileile filamu yake ilipoonyeshwa chuoni. Sasa ilikuwa Jumatano asubuhi. Alikuwa na miaka ishirini, na tangu utotoni watu wote walimwita Redio, kwa sababu akiamka anawashwa na hazimwi mpaka alale. Alikuwa akiishi kwa dada yake mkubwa ili awe karibu na chuo. Mume wa dada ndiye aliyetoa taarifa kituoni, siku ya Jumamosi, tena kwa adabu zote: shemeji yake katoroka na kijana mmoja wa chuo, yule wa kushika kamera. "Hizi filamu zao, afande, ni kisingizio tu," alisema, na Koplo akaandika.

Ndiyo maana Inspekta alikuwa hapa, kwenye darasa lenye mapazia meusi, pamoja na Koplo wake, mwalimu, na kijana mwenyewe wa kamera. Kwenye kiti cha mwisho, mkoba magotini, alikaa mama yake Redio. Alikuwa amesafiri siku nzima na hakuwa amevua hata kilemba.

"Kijana," Inspekta akasema. "Ijumaa usiku ulikuwa wapi?"

"Stoo ya vifaa, afande. Nilirudisha kamera, taa, waya. Mlinzi alinisainisha. Halafu bwenini." Alikuwa mrefu, mwembamba, na mikono yake haikujua pa kukaa. "Mimi sijamtorosha mtu. Hata darasani kutoroka nilishindwa, muulize mwalimu."



"Mlinzi amethibitisha," Koplo akasema kutoka mlangoni. "Na wenzake wanne wa bwenini."

Inspekta akapiga mstari kwenye daftari lake. Njia hiyo ilikuwa imekufa.

"Mlipigia wapi picha hii?"

"Kwao. Chumbani kwake. Mchana, shemeji yake akiwa kazini. Alisisitiza iwe mchana."

"Nani alichagua kiti kikae pale?"

Kijana akafikiri. "Mimi nilitaka kikae katikati ya chumba, picha ingependeza zaidi. Akasema hapana, kinakaa hapa. Akakivuta kwa mkono mmoja, afande, wala hakukitazama. Kama mtu anavyofunga kifungo cha shati lake."

"Mlirudia mara ngapi?"

"Mara tatu tu. Hakukosea kitu."

Inspekta akamgeukia mwalimu. Huyu alikuwa mtu mzima, shati limenyooshwa, miwani kwenye kamba shingoni.

"Uliwapa kazi gani?"

"Hisia moja. Filamu isizidi dakika nne, bila sauti, bila maandishi. Siku ya maonyesho kila mtazamaji, awe mwanafunzi au ndugu aliyealikwa, anaandika neno moja kwenye karatasi: ameona hisia gani. Haandiki jina. Anatumbukiza kwenye kopo. Mwenye filamu haulizwi kitu, na yeye haruhusiwi kueleza. Filamu ikihitaji maelezo, imeshindwa."

"Kwa hiyo hakuna aliyemuuliza."

"Ndiyo kanuni, afande."

"Sikuuliza kanuni."

Mwalimu akavaa miwani, akaivua. "Alipata tisini na nne. Alama ya juu kuliko wote. Huzuni tupu. Tazama kile kiti: hakuna anayekikalia. Kiti kitupu ni alama ya mtu aliyeondoka. Anamngoja asiyerudi."

"Mtu unayemngoja," Inspekta akasema taratibu, "unamfungia mlango?"

Mama yake Redio alikohoa kule nyuma, na wote wakageuka.

"Mimi alinitumia kwenye simu," akasema. "Alhamisi. Nikaitazama, nikalia. Nikampigia, nikamwambia, mwanangu, umenitoa machozi, unajua kuigiza wewe. Akanyamaza. Redio, akanyamaza! Kisha akaniuliza, 'Mama, umekiona kiti?' Nikamwambia nimekiona, kizuri." Akaukunja mkoba wake. "Nilisema hivyo. Kizuri."

Kila mwenye mtoto mbali na asome hapo mara mbili kabla ya kuendelea.

"Hilo kopo liko wapi?" Inspekta akauliza.

Lilikuwa kabatini, kopo la maziwa ya unga, karatasi zikiwa zimefungwa kwa mpira. Mwalimu alikuwa amezipanga na kuandika hesabu juu. Huzuni, ishirini na mbili. Upweke, sita. Majonzi, mbili. Inspekta akajumlisha.

"Thelathini. Watazamaji walikuwa wangapi?"

"Thelathini na mmoja. Moja niliiweka pembeni, sikuihesabu." Akaitoa chini ya kopo. "Mmoja wa wageni, bila shaka. Alikosea. Hakuwa makini."

Karatasi nyingine zote zilikuwa nyeupe, zenye mistari, zimekatwa kwa rula. Hii ilikuwa ya kaki, nyepesi, imechanwa kwa mkono. Kulikuwa na neno moja, herufi kubwa zilizokandamizwa mpaka zikatokeza upande wa pili.

HOFU.

Inspekta akaiinua dirishani na kufunua pazia kidogo. Mwanga ukapenya kwenye vitundu vidogo vilivyofuatana kwa mstari, vimeachana sawasawa kama vimepimwa.

"Sindano," akasema. "Cherehani isiyo na uzi."

Nyuma yake mkoba ulianguka. Mama alikuwa amesimama.

"Nipe niione." Hakuigusa, aliinama tu. "Hiyo ni karatasi ya kukatia mitindo. Dada yake anazo, zimejaa mkoba mzima. Mwanangu mkubwa ni fundi wa nguo." Akamtazama Inspekta kama mtu anayeomba akosolewe. "Labda aliazima mtu. Eti afande? Karatasi huazimwa."

Thelathini walikosea wakahesabiwa. Mmoja alipatia, akawekwa pembeni.

*

Nyumba ilikuwa ghorofa ya pili, vyumba vitatu, safi. Mashine ya kushonea ilikaa karibu na dirisha la mbele, na juu yake gauni jeupe lisilo na mkono mmoja. Mume wa dada alikuwa amerudi kwa chakula cha mchana. Alikuwa fundi wa kufuli mwenye duka lake palepale chini, mtu wa tabasamu na sauti ya upole. Alimpokea mama mkwe wake kwa mikono miwili.

"Pole sana mama. Pole. Tunamwomba Mungu. Afande, yule kijana mmemshika?"

"Chumba cha msichana," Inspekta akasema.

Kilikuwa chumba kilekile cha kwenye filamu. Kitanda, blanketi, dirisha. Mlango ulikuwa na kishikio cha chuma, na chini yake, mahali pa kitasa, tundu lililozibwa kwa kitambaa. Kitambaa kilikuwa cha maua, mabaki ya nguo.

"Fundi, mlango huu hauna kitasa."

Akacheka kidogo. "Kinyozi hajinyoi, afande. Nilikitoa nikitengeneze, kazi za watu zikanizidi."

"Lini?"

"Aah... mwezi wa pili hivi."

"Redio alihamia lini hapa?"

Mama alijibu. "Mwezi wa kwanza, mwishoni. Nilimleta mwenyewe. Nikasema, bora kwa ndugu kuliko kupanga."

Undugu si kufuli, lakini nani alikuwa na moyo wa kumwambia wakati ule?

Inspekta alipiga magoti. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, na karibu na mlango rangi ilikuwa imeondoka kwenye mistari miwili iliyopinda pamoja. Akaingiza ukucha. Ukazama.

"Koplo, kijana alisema walipiga picha mara ngapi?"

"Mara tatu, afande."

"Mara tatu hazichimbi saruji."

Akainuka, akaenda sebuleni, akahesabu viti vya meza ya kulia. Vitano. Aina moja vyote, migongo ya mbao yenye duara lililochongwa katikati, sawa na kile cha kwenye filamu.

"Cha sita?"

"Kilivunjika," fundi akasema. "Nikakitupa."

"Siku gani?"

"Ijumaa." Kisha, "Au Alhamisi. Vitu vidogo hivi, afande, nani anavikumbuka?"

"Koplo, msindikize fundi dukani kwake. Angalia viti."

Walitoka. Dada alikuwa amesimama kando ya mashine yake tangu walipoingia, futi ya kupimia shingoni, na hakuwa amesema zaidi ya shikamoo. Inspekta akaitoa ile karatasi ya kaki, akailaza juu ya gauni jeupe.

Dada akaitazama. Akakaa.

"Niliandika," akasema. Hakuwa akimwambia Inspekta. "Mama, mimi niliandika."

"Uliandika kwenye kopo, mwanangu," mama akasema. "Mimi nina simu."

"Nilidhani mwalimu ataisoma. Wale wamesoma, nilidhani watauliza. Mtu mwingine akiuliza, si mimi niliyesema." Alikuwa akiikunja futi kwenye kidole, akiikunjua. "Ningesema mimi, ningekwenda wapi? Ungenipokea, mama? Ulivyokuwa unamsifu kwa majirani, mkwe wangu, mkwe wangu?"

Mama akashika ukingo wa meza.

"Ulijua tangu lini?" Inspekta akauliza.

"Nilijua kiti kinahama. Asubuhi nakikuta chumbani kwake, nakirudisha mezani. Siku ya kwanza nilimuuliza. Akaniambia, 'Dada, mwambie mumeo arudishe kitasa.' Nikamwambia mume wangu. Akacheka. Basi nikawa nakirudisha kiti tu." Akapangusa uso kwa kiganja. "Kile kitambaa cha kwenye tundu nilimkatia mimi. Ili asichunguliwe."

"Ijumaa."

"Tulikwenda wote kwenye maonyesho, alitualika sisi wawili. Mume wangu alikaa karibu yangu. Kiti kilipotokea ukutani akanisogelea, akasema, 'Kumbe tuna msanii nyumbani.' Tuliporudi akakibeba kile kiti, akateremka nacho dukani. Mbele yetu sote."

"Mbele yako."

"Mbele yangu."

"Kisha?"

"Nilikuwa na kazi kwa bibi harusi. Kumpima. Alikuwa ananisubiri." Sauti ikashuka. "Mdogo wangu alinifuata mpaka mlangoni. Hakusema kitu. Alishika mkoba wangu, ule wa karatasi. Nikamwambia niachie, nachelewa."

Mashine, gauni, futi ya kupimia. Mama hakulia, alikuwa ameushika ukingo wa meza kama mtu aliye kwenye gari linalokwenda kasi.

"Niliporudi, mume wangu alisema katoroka na yule kijana. Nikaingia chumbani. Dirisha lilikuwa wazi, pazia limetoka nje. Nikatazama chini. Maua ya jirani yalikuwa yamelala."

"Ukafanya nini?"

"Nikafunga dirisha."

Nyayo zikapanda ngazi. Koplo aliingia akiwa amembana fundi mkono, na mkono wa pili amebeba kiti. Kilikuwa kizima, hakikuwa hata na ufa. Kwenye ukingo wa juu wa mgongo, mbao ilikuwa na alama ya kutu, upana wa kishikio cha mlango.

"Kilikuwa nyuma ya kaunta, afande. Anakikalia. Na kuna jingine. Tukiwa ngazini aliniambia, 'Mimi sikumsukuma mtu.'"

"Nani kamwambia kuna mtu kaanguka?"

"Hakuna, afande. Mimi mwenyewe sikujua."

Fundi akatazama chini. Tabasamu lilikuwa bado limebaki usoni, kama kibao kilichosahauliwa kwenye duka lililofungwa. Koplo akamtia pingu, na fundi akaiangalia kufuli yake ndogo kwa jicho la mtaalamu.

*

Inspekta alisimama dirishani kwa Redio. Chini kulikuwa na bustani ya jirani, mita sita hivi, na hatua ishirini mbele barabara kubwa. Mtu aliyekurupuka huruka peku. Huyu alilala na viatu. Alikuwa amejiandaa kwa dirisha hili kila usiku, kwa miezi. Angeanguka hapa, angejikokota kule kwenye taa za barabara. Na aliyemwona pale angempeleka mahali pamoja tu.

"Koplo. Jumamosi ulipiga simu hospitali?"

"Tatu zote, afande. Nikawasomea tangazo la mtu aliyepotea."

"Nisomee na mimi."

Koplo akatoa karatasi. "Msichana, miaka ishirini, mwembamba, si mrefu. Msemaji sana, mcheshi, ukimwona utamjua kwa mazungumzo."

"Nani alitoa maelezo hayo?"

"Mimi," mama akasema mlangoni. "Kwa simu. Waliniuliza yukoje. Ndivyo alivyo."

Inspekta akapiga ya kwanza, hakuna. Akapiga ya pili. Nesi wa wodi ya majeruhi wanawake alikuwa na haraka.

"Polisi tuliwajibu Jumamosi, afande. Msemaji na mcheshi hatuna. Wodi hii nani atacheka?"

"Nauliza lingine. Mnaye asiyesema kabisa?"



"Tunaye. Dereva wa gari la mikate alimkuta pembeni ya barabara alfajiri ya Jumamosi. Ameandikwa ajali ya gari, kwenye kituo kingine cha polisi. Nyonga na mkono vimevunjika, uso umevimba. Daktari kaangalia, ulimi mzima, koo zima, lakini hasemi. Kalamu tukimpa anaiacha. Tunamwita Mgeni."

"Aliletwa amevaa nini?"

"Gauni la kulalia. Na..."

"Viatu."

"Eh! Umejuaje? Kamba zimefungwa mafundo mawilimawili. Tulishindwa kuelewa, gauni la kulalia na viatu. Na mpaka leo haviachi, analala navyo mkononi. Kulala kwenyewe halali, afande. Anatazama mlango tu."

Inspekta akageuka. Hakuwa na haja ya kusema. Mama alikuwa ameshachukua mkoba.

Dada aliinuka kwenye mashine. "Mama, nije?"

Mama alisimama kizingitini, mgongo umemwelekea. "Wewe nenda na Koplo," akasema. "Ukaseme. Safari hii sema kwa mdomo."

*

Hospitalini walikuwa wamemlaza kwenye chumba kidogo cha pembeni, kitanda kimoja, kiti cha mgeni, dirisha lenye nondo. Uso ulikuwa wa rangi ya zambarau upande mmoja, na mkono wa kulia kwenye plasta. Mkono wa kushoto ulishika viatu viwili kifuani, kamba zimezungushwa kwenye vidole.

"Redio wangu," mama akasema. "Redio. Ni mimi."

Macho yalimpitia, yakaenda mlangoni.

"Nimekuja mwanangu. Nimekuja na khanga zako. Yule wameshamkamata, ana pingu, nimemwona kwa macho yangu." Akapiga magoti kando ya kitanda. Maneno yalimtoka mama sasa kama maji ya bomba lililopasuka, majirani, safari, kuku aliyeatamia, kila kitu, na binti aliyewahi kumkatiza kila sentensi hakumkatiza hata moja. Mpaka mama mwenyewe akaishiwa. Akakilaza kichwa juu ya shuka.

"Kile kiti," akasema. "Nimekiona, mama. Sasa nimekiona."

Macho yalikuwa mlangoni.

Inspekta aliyafuata macho hayo. Kisha akakichukua kiti cha mgeni, akakivuta mpaka mlangoni, akakiegemeza, mgongo wake chini ya kishikio. Akakijaribu kwa mkono. Mara moja. Mara mbili.

Nje mtu akagonga. "Jamani, dawa!" Alikuwa nesi. "Nani kafunga?"

"Subiri," Inspekta akasema.

Msichana alikitazama kiti kwa muda mrefu. Halafu vidole vyake vikalegea kimoja kimoja, kamba zikateleza, na kiatu kimoja kikaviringika ukingoni mwa kitanda, kikaanguka sakafuni kwa kishindo.

Mama alishtuka. Inspekta alishtuka. Redio hakushtuka. Alikuwa amelala.